Bipu ya Saa Kumi

Tusidanganyane, chanzo cha yote kilikuwa shikamoo.

Miaka kumi na moja iliyopita, Karani, programu ya kunakili mazungumzo, alipoingizwa kwenye simu za watu kwa mara ya kwanza, alikuwa na kaugonjwa kamoja. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuielezea: simu ikipokelewa anasikiliza, anaandika kila neno, anaifuta sauti, kisha anawaletea wazungumzaji wote wawili waraka wa walichosema. Hivyo ndivyo Sheria ya Sauti ilivyotaka. Watu walikuwa wamechoka kupigiwa simu na mama zao ambao si mama zao. Sauti ile ile, kikohozi kile kile, kumbe ni matapeli wameiba sauti ya mtu na kuifundisha mashine kulia. Basi ikapitishwa kwamba sauti ya binadamu isihifadhiwe popote. Maneno yabaki, sauti ifutwe, na simu isiyo na waraka ihesabiwe kuwa haikupigwa.

Ugonjwa wa Karani ulikuwa kuchelewa kutega sikio. Mpaka azinduke, neno la kwanza limeshampita. Na neno la kwanza la mtu mwenye adabu zake ni lipi? Weee! Nyaraka zikaanza kutoka hazina shikamoo hata moja. Kule Rungwe kuna mzee aliyerudisha posa kwa sababu waraka wa simu ya mkwe mtarajiwa ulianza na, "Mzee, nimekupigia kuhusu wale ng'ombe." Kijana aliapa kwamba aliamkia. Mzee akasema karatasi haisemi hivyo, na ukoo mzima ukasimama na karatasi.

Aliyeletewa kesi hiyo ni Sekela Mwaipopo, msanifu wa Karani katika kampuni ya Wino, pale Mbeya, chini ya mlima Loleza. Dawa aliyoibuni ilikuwa rahisi kiasi kwamba aliiandika kabla uji wake haujapoa: sikio lifunguliwe mapema, tangu mtu anapobonyeza namba, simu ikiwa bado inaita. Ikipokelewa, Karani anakikata kile cha kabla na kukitupa, anabaki na shikamoo nzima, safi kabisa. Watu walifurahi. Bibi mmoja wa Tukuyu alimtumia jogoo.

Hakuna aliyeuliza, Sekela mwenyewe akiwemo: na simu isipopokelewa je?

*

"Mama, ghala limejaa," alisema Mzee Gwamaka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na Sekela alikuwa hajavua hata koti. Mzee Gwamaka Mwasomola alikuwa mtunza ghala wa Wino, mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye masweta mawili mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya chumba chake. Kazini Sekela ndiye mkubwa wake, lakini alimwamkia kila siku, na leo pia.

"Shikamoo baba. Limejaa nini?"

"Marahaba. Sijui limejaa nini. Ninachojua, sufuria tuliyoiosha jana imekutwa na ugali."

Ghala lilikuwa chumba cha chini chenye mashine zinazonguruma polepole. Sauti za nchi nzima zilipita humo kwa dakika chache tu, wakati Karani anaandika, kisha zikafutwa. Ghala zuri ni ghala tupu. Lakini Sekela alipokaa kwenye kiti cha mzee na kufungua hesabu, aliona mashine mpya waliyoifunga mwezi uliopita imejaa hadi shingoni, na ile ya nyuma yake, na zilizotangulia zote; kila mwaka waliongeza mashine wakidhani ni simu za watu zimezidi. Sheria iliruhusu kipande kimoja kisikilizwe ili kujua ni kitu gani. Alichagua cha juu kabisa, bila kuangalia namba ya nani.

Kwanza ukaja mlio wa simu inayoita upande wa pili. Kisha sauti ya mwanamke, karibu mno, ikinong'ona: "Usipokee, usipokee, usipokee... haya. Ameona." Ikakatika.

Walitazamana.

"Bipu," alisema Mzee Gwamaka.

Katika nchi ambayo kila simu iliyopokelewa iliandikwa, na waraka wake ukaweza kupelekwa baraza la usuluhishi au kwa wakwe, watu walikuwa wameirudia bipu ya zamani kwa moyo wote. Unapiga, inaita, unakata. Moja maana yake nimefika. Mbili, nipigie. Tatu, mume wangu yupo, usije. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake. Bipu haikupokelewa, kwa hiyo haikuandikwa, na ndiyo ilikuwa faragha pekee iliyobaki kwenye simu. Kumbe masikini ya Mungu, sikio lilikuwa wazi muda wote. Kukata na kufuta vyote vilisubiri simu ipokelewe, na isipopokelewa Karani alibaki ameshika kipande cha sauti mkononi hajui akiweke wapi, akakisukuma ghalani.

Bipu za miaka kumi na moja. Watu wakinong'ona, wakiomba, wakigombana na kuku, wakijisemea yale ambayo mtu hujisemea akidhani yuko peke yake.

"Ni mimi niliyefungua hilo sikio," alisema Sekela. "Mungu wangu. Kwa ajili ya shikamoo."

Mzee Gwamaka alikuwa anaikodolea macho mashine ya tatu kutoka mlangoni, iliyojaa miaka kadhaa nyuma, anavuta mikono ya sweta lake.

"Kwa hiyo na mama Tusa yumo," alisema mwishowe.

Mama Tusa alikuwa mkewe. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na Wino nzima ilikwenda kuzika.

"Alikuwa ananibipu akifika sokoni Mwanjelwa. Mara tatu, kila Jumamosi. Mama, mimi nina nyaraka zake mia nne. Nazisoma. Lakini kila nikizisoma nasikia sauti yangu mwenyewe ndiyo inayosoma. Ya kwake sikumbuki tena ilikuwaje." Akajifuta pua kwa kiganja. "Kimoja tu. Sekunde tano. Sitamwambia mtu."

*

Sheria haikuacha nafasi ya kujitetea. Sauti ikionekana mahali isipostahili kuwapo, aliyeiona aifute ndani ya siku moja, na asisikilize zaidi ya kile kipande kimoja. Kufuta kulihitaji funguo mbili, wa msanifu na wa mtunza ghala, na ukishafuta hakuna mahali pa kwenda kuomba irudi.

Walibishana mpaka saa saba, humo humo kwenye baridi, chai ikiwagandia mezani.

"Tuwaulize wenyewe," alisema mzee. "Siku moja inatosha. Tuma ujumbe kwa kila namba: sauti yako iko kwetu kwa makosa, tuifute au unaitaka? Kitu cha mtu unakitupaje bila kumuuliza?"

"Baba, tukituma ujumbe huo, ndani ya saa moja matapeli wote wa nchi hii wako getini. Kila mmoja atasema ni yeye. Tutamjuaje mwenye sauti? Kwa sauti?"

"Basi walio hai waulizwe kimya kimya. Mmoja mmoja."

"Namba milioni ngapi kimya kimya?"

"Na waliokufa?"

"Waliokufa hawakututuma tuwasikilize." Alilisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, na mzee akainamisha kichwa. Sekela akajilaumu papo hapo. "Nisamehe, baba. Lakini yule mama aliyesema usipokee, ungemwambia nini ukikutana naye? Kwamba tulimsikia?"

"Ningemwambia ana sauti nzuri," alisema Mzee Gwamaka.

Ukweli ni kwamba Sekela alikuwa na haraka yake mwenyewe, na hakuisema. Alikuwa na mpaka kesho saa tatu. Lakini alijijua. Akilala na ghala lile limejaa, asubuhi angeamka mwizi.

Kwa sababu Ambokile naye alikuwamo.

*

Ambokile Mwakalinga alikuwa mumewe, na kwa karatasi za kanisa bado ni mumewe. Mwalimu wa jiografia, besi wa kwaya, mtu wa kujisemea ovyo bafuni, jikoni na barabarani. Ndiye aliyemfundisha Karani kusikia. Walipokuwa wameoana mwaka mmoja, Sekela alimkalisha mezani miezi mitatu amsomee maneno: haloo, shikamoo, marahaba, nani mwenzangu, nakusikia, nakusikia kidogo, sogea penye mtandao. Ambokile alisoma mpaka koo likakauka. Wakati mwingine alichomeka mambo yake, "Karani, mwambie mke wangu njaa inauma," na Sekela akacheka na kuharibu kazi ya saa nzima. Kisha sauti zile zikafutwa kama sheria ilivyotaka. Sikio likabaki.

Enzi hizo, kila siku saa kumi alipokuwa anatoka shuleni, alimbipu mara moja. Maana yake ilikuwa moja tu: bandika chai.

Na walichotengania, jamani, mtu ukisimuliwa unaweza kucheka. Miaka sita iliyopita, wiki ya tatu mfululizo Sekela akiwa ofisini mpaka usiku, Ambokile alipiga simu akasema anakwenda kwao Kyela kumsaidia mama yake kuvuna mpunga. Kwenye simu ile Sekela alicheka. Anakumbuka kwamba alicheka. Lakini asubuhi aliusoma waraka, na waraka ulisema: *Haya, kaa na Karani wako. Mimi naenda kwetu.* Akausoma tena. Akaupeleka kwa kaka zake, nao wakausoma kwa sauti zao nzito za kiume, wakasema huyu amekuacha, dada, hapa hakuna utani. Alijaribu kuikumbuka sauti ya Ambokile wakati anasema maneno yale, kama ilikuwa na kicheko ndani yake, na kila alipoyasoma maandishi kile kicheko kilizidi kufifia mpaka kikaisha. Akangoja aombwe radhi. Huko Kyela mwenzake akangoja afuatwe. Watu wawili wazima na akili zao.

Wiki ya pili, saa kumi kamili, simu ikaita mara moja ikakatika. Namba ya Ambokile.

Hakupokea. Angepokeaje? Simu ikipokelewa inaandikwa, na yeye alikuwa ameshaumwa na maandishi. Lakini aliinuka akabandika chai. Tangu siku hiyo, miaka sita, saa kumi inaita mara moja, naye anabandika chai, anamimina vikombe viwili, anakunywa kimoja. Alikuwa na miaka arobaini na nne. Wenzake walijua kwamba mkutano wa saa kumi na Sekela haufanyiki, na hawakujua kwa nini. Hamu ya mtu yule ilikuwa imemkalia mwilini, akiamka nayo, akilala nayo, na dakika moja tu kwa siku ilipata pa kukaa.

Basi saa saba na nusu, Mzee Gwamaka alipotoka kwenda kula, Sekela aliandika namba ya Ambokile kwenye mashine. Hakusikiliza. Aliangalia orodha tu, akajiambia kuangalia si kusikiliza.

Vipande vya tangu watengane vilikuwa elfu mbili na mia moja na sitini. Pembeni ya kila kimoja Karani alikuwa ameweka alama, kama alivyozoea, kama ndani kuna maneno au hakuna. Sekela alishusha kidole. *Maneno. Maneno. Maneno. Maneno.* Mwaka wa kwanza wote, wa pili, wa tatu, wa nne. Ambokile alikuwa anasema kitu! Kila siku, katika zile sekunde chache, mtu huyu alikuwa anasema kitu. Kidole kikaelea juu ya kipande cha kwanza. Kugusa tu, na angejua. Na Ambokile asingejua kamwe kwamba ameibiwa.

Akajikaza, akaendelea kushuka.

Mwezi wa tatu mwaka juzi palikuwa na pengo la siku kumi na tisa. Alizikumbuka siku hizo. Alikaa na sufuria tupu jikoni akidhani ndiyo basi tena. Halafu bipu ikarudi, akalia kwa furaha, akaunguza maziwa. Sasa aliangalia alama za baada ya pengo.

*Kimya. Kimya. Kimya. Kimya.* Mpaka jana.

Alizisoma zote. Zilikuwa zaidi ya mia saba, na hakuna hata moja iliyosema maneno.

Kwa hiyo alijaribu kuacha, alifikiri Sekela. Akakaa siku kumi na tisa, akashindwa na mazoea, akarudi kubonyeza kama mtu anavyofunga mlango kila jioni bila kufikiri. Moyo wake umeshaondoka, kimebaki kidole. Na mimi huku nabandika chai, mpumbavu mimi.

Ilimuuma mpaka ikageuka hasira, na hasira ikamsaidia. Mzee Gwamaka aliporudi alimkuta amesimama, ufunguo mkononi.

"Tunafuta, baba. Sasa hivi."

"Tuna mpaka kesho, mama."

"Sasa hivi."

Mzee alitoa wake mfukoni mwa sweta la ndani. "Wewe ndiye mkubwa wangu wa kazi," alisema, "na nitageuza kwa sababu hiyo tu." Kabla ya kugeuza aliiwekea mkono ile mashine ya tatu kutoka mlangoni, akasema kwa Kinyakyusa neno ambalo Sekela alilielewa na hakulirudia kwa mtu. Kisha wakageuza pamoja.

Saa nane na dakika kumi ghala lilikuwa tupu. Sekela aliandika mistari mitano ya kulifunga sikio mpaka simu ipokelewe, akaiacha shikamoo ya kwanza ife kama zamani, akavaa koti akaenda nyumbani. Mzee Gwamaka aliagwa akiwa bado ameigeukia ile mashine ya tatu.

*

Jikoni, saa tisa na nusu, hasira ilikwisha.

Alikuwa ametia maziwa kwenye sufuria kwa mazoea, na tangawizi, na majani ya Tukuyu. Alikaa kwenye kigoda akaitazama simu. Alichokuwa anajivunia ni kwamba hakuiba. Lakini kama hakutaka kuiba, mbona hakuomba? Miaka sita mtu anabisha hodi, hata mara moja hakumwambia karibu. Kama Ambokile amenyamaza, na amwambie mwenyewe kwamba amenyamaza. Iandikwe. Liwalo na liwe.

Saa kumi kamili simu ilitetemeka. Kidole chake kilikuwa tayari juu yake.

"Haloo? Ambokile? Usikate!"

Hakukata. Upande wa pili palikuwa na kuku, na mbali kidogo mtu anatwanga. Karibu, karibu kabisa na simu, palikuwa na pumzi. Pumzi nzito yenye kamluzi kadogo ndani.

"Ni mimi, Sekela."

Pumzi.

"Nimepokea. Umeona? Nimepokea." Akasubiri. "Huna la kusema? Miaka miwili huna hata neno? Mimi si mti, Ambokile. Kama umenichoka sema nimekuchoka, Karani aandike, nibandike ukutani. Lakini usinibonyeze kila siku kama swichi ya taa! Sema!"

Ile pumzi ikaenda mbio. Kitu kikaanguka. Kisha sauti ya mwanamke ikaja kutoka mbali, ikisogea: "Nini tena, kaka? Mbona unatetemeka? Lete... Haloo? Nani mwenzangu?"

"Sekela."

"Wifi?" Ilikuwa ni Subilaga, dada yake Ambokile. "Wifi Sekela? Jamani! Umepokea! Umepokea leo!" Akaanza kulia hapo hapo.

"Wifi, mbona hasemi?"

"Hawezi, wifi. Hana koo la sauti. Walilitoa hospitalini, mwezi wa tatu mwaka juzi. Uvimbe. Alikaa huko siku kumi na tisa, akarudi na tundu hapa shingoni, ndilo anapumulia. Mtu mwenye besi ile!"

Sekela alishika ukingo wa meza.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa. Akaandika kwenye daftari, ninalo hapa: asije kwa huruma. Mama akamsihi, yeye akayapigia mstari maneno hayo. Siku ya kwanza tu kurudi nyumbani, hata kula hajaweza, saa kumi akaomba simu. Nikamwambia kaka, utasema nini? Akabonyeza, akakata, akanirudishia." Akapenga kamasi. "Zamani akiwa na sauti yake nilikuwa namsikia kutoka uani. Neno moja tu kila siku. Pokea. Inaita, anasema, pokea leo, mama, pokea. Halafu anakata haraka kama mtu aliyeguswa na moto. Miaka minne, wifi. Mimi ndiye niliyekuwa namcheka."

Pokea. Zote zile, elfu na kitu, zilikuwa pokea.

"Na wewe huko mjini labda utatusaidia," Subilaga aliendelea, sasa kwa matumaini, kwa haraka ya mtu aliyeshika nafasi. "Daktari alisema kipo kifaa cha kuvaa shingoni. Mtu anaandika, chenyewe kinasema. Na mwenye sauti akitoa idhini mwenyewe, sheria inaruhusu kimsemee kwa sauti yake ya zamani. Wanataka kidogo tu ya kukifundishia, hata akiwa anapiga kelele. Tumezunguka kwaya, tumekwenda shuleni kwake. Kila mahali imefutwa. Sauti ya mtu siku hizi utaipata wapi? Lakini wewe ndiye mwenye Karani. Huko kwenu hamna hata kidogo?"

Maziwa yalianza kupanda kwenye sufuria. Sekela aliyaona na hakuinuka.

Angeweza kusema hakuna. Lilikuwa jibu la kweli, tangu saa nane na dakika kumi.

"Mpe simu," alisema.

Pumzi ikarudi, na mluzi wake.

"Ambokile. Kama unanisikia gonga kitu."

Kijiko kiligonga kikombe mara moja.

"Mpaka leo mchana nilikuwa na sauti yako. Bipu zako zote, miaka minne ya maneno. Ghala lilizihifadhi kwa kosa langu, na kosa hilo lilikuwa zawadi, na mimi nimeifuta. Nilikuwa na siku nzima ya kukuuliza. Mzee wa watu aliniambia tuwaulize wenyewe. Sikukuuliza. Nilitaka kusema nilikuwa nakulinda. Si kweli. Niliona pembeni imeandikwa kimya, nikasoma kwamba umenichoka. Nimekusoma tena, Ambokile. Kama ule waraka. Sikukuuliza, nikakusoma."

Kuku. Mchi. Upande wa pili pumzi ilisimama.

Kisha akasikia kijiko. Hakikugonga. Kilikuwa kinakoroga, polepole, kikikwaruza chini ya kikombe, mara tatu, kwa mkono ambao angeutambua popote duniani. Kumbe naye huko alikuwa akibandika chai, saa kumi hii hii, siku zote.

"Nakuja kesho," alisema Sekela, akilia waziwazi sasa. "Sio kwa huruma. Utanikasirikia vizuri nikiwa hapo. Nakuja, unasikia?"

Kijiko kikagonga ukingo wa kikombe mara moja. Simu ikakatika.

Maziwa yalimwagika jikoni, yakazima moto. Alipoinuka kutafuta kitambaa, waraka ulikuwa umeshafika. Alisimama hapo hapo akausoma. Maneno yake yote yalikuwapo, na ya Subilaga, hayakukosewa hata moja, isipokuwa haloo ya mwanzo iliyokatwa nusu. Na chini ya jina la mtu aliyemfundisha Karani kusikia, kutoka juu hadi mwisho, Karani alikuwa ameandika: *hakuna maneno, hakuna maneno, hakuna maneno.*

Sekela aliufuta waraka huo, akaosha sufuria, akabandika chai upya.